Krismasi ya Tarehe 27

Leo sina hadithi ya Sungura wala Fisi. Nina binti mmoja wa Kisauni, Mombasa, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, ambaye mpaka Desemba ile hakuwahi kumiliki sweta. Angeivalia wapi? Mombasa mwezi wa Desemba joto hupita nyuzi 30, feni huzunguka usiku kucha, na mtu akisema anasikia baridi anaulizwa kama ameshapimwa malaria.

Binti huyu alikuwa na mjomba Marekani, kaka yake mama, aliyekwenda zamani kutafuta maisha akaishia Brooklyn Park, kitongoji cha mji wa Minneapolis katika jimbo la Minnesota. Fungua ramani uangalie. Minnesota iko juu kabisa, inapakana na Kanada, na humo ndimo unamoanza mto Mississippi, katika ziwa liitwalo Itasca. Wakenya ni wengi Brooklyn Park. Wasomali nao wamejaa Minneapolis, na hakuna jimbo la Marekani lenye Wasomali wengi kuliko Minnesota. Ukiwauliza watu hawa wa joto ni nini kilichowapeleka kwenye baridi ile, wengi watakujibu kwa neno moja tu: kazi.

Desemba shule za Kenya zimefungwa, kwa hiyo binti alikuwa huru. Binamu zake, watoto wa mjomba, walikuwa bado darasani. Kule mwaka wa shule huanza mnamo Septemba, na katikati yake, kama tarehe 22 au 23 Desemba, watoto hupewa likizo fupi ya majira ya baridi, wiki mbili hivi, mpaka Mwaka Mpya upite. Likizo hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Binti alikwenda kuwatembelea. Alipofika, milango ya uwanja wa ndege ilijifungua yenyewe, akavuta pumzi, na vinyweleo vya ndani ya pua yake vikaganda papo hapo, vikawa vinamchomachoma. Akadhani ameumia.

“Shikamoo, mjomba,” alisema huku ameziba pua kwa kiganja.

“Marahaba, mama. Pumua polepole, hufi. Na ufunge hilo koti mpaka juu.”

Kipimajoto cha gari kilionyesha sifuri. Binti akafurahi, akaona kumbe si mbaya kama alivyotishwa. Ndipo binamu zake wakacheka. Wamarekani hupima joto kwa Fahrenheit, na sifuri yao ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri yetu. Friza la duka, lile la kuku na samaki waliogandishwa, huwekwa hapo hapo. Kwa hiyo binti alikuwa ameshuka kwenye ndege akaingia ndani ya friza lenye barabara, taa na magari. Vipimo hivi viwili, chetu na chao, hukutana mahali pamoja tu: nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukifika hapo huhitaji kumuuliza mtu anatumia kipimo gani. Ingia ndani tu.

Usiku ule, mbele ya kikombe cha chai ya maziwa, aliuliza swali ambalo watu wazima wengi hulijibu vibaya. “Mjomba, jua la huku limekwenda mbali?”

La, halikwenda mbali. Tena mambo ni kinyume chake. Dunia hulikaribia jua zaidi mapema mwezi wa Januari, yaani katikati ya baridi hiyo hiyo, kiasi cha kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mwezi wa Julai, kilomita milioni 152. Sababu ya baridi ni mwinamo. Dunia inapolizunguka jua haikusimama wima. Imelala upande kwa nyuzi 23 na nusu. Desemba upande wa kaskazini huwa umelipa jua kisogo kidogo, na miale inaufikia kwa mshazari. Ukitaka kuona hilo lina maana gani, zima taa ya chumbani, washa tochi, uimulike ukutani moja kwa moja. Utapata duara dogo lenye mwanga mkali. Sasa iinamishe tochi ile ile. Mwanga unatambaa, unakuwa mpana, lakini umefifia. Tochi haikupungua nguvu. Nguvu yake imegawanywa kwenye ukuta mwingi zaidi. Hivyo ndivyo Minnesota inavyopata jua mwezi wa Desemba: kidogo kidogo, kwa mshazari.

Tena linakaa muda mfupi. Tarehe 21 Desemba, siku iliyo fupi kuliko zote, jua la Minneapolis huchomoza saa mbili kasoro dakika kama kumi na mbili asubuhi, na muda mfupi tu baada ya saa kumi na nusu jioni limeshazama. Hazitimii hata saa tisa. Sisi tunaokaa karibu na ikweta jua letu hutoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka tumejenga hesabu yetu ya saa juu yake. Binti alikuwa amezoea kwamba giza likiingia ni wakati wa kuoga na kula. Siku ya kwanza saa kumi na moja jioni alikwenda kuoga, akakaa mezani akingoja chakula cha usiku. Hakuna aliyekuwa hata ameosha sufuria.

Siku mbili za mwanzo hakutoka nje. Na kusema kweli, kukaa ndani si kugumu, kwa sababu nyumba za kule zimejengwa kwa ajili ya kushindana na baridi: madirisha yana vioo viwili, kuta zimejazwa nyuzinyuzi za kuzuia joto lisitoke, na hita hunguruma mchana na usiku. Ndani mnavaa fulana. Mkaza mjomba alikuwa anapika mahamri, televisheni inaonyesha habari za Nairobi kupitia intaneti, na jirani akija anabishia siasa za nyumbani. Ungefumba macho ungesema uko Kisauni, isipokuwa jambo moja. Kila binti aliposhika kitasa cha mlango, cheche ilimrukia kidoleni, tap! Akaanza kuogopa milango. Hewa baridi haibebi unyevu mwingi, na ikipashwa moto ndani huwa kavu kupita kiasi. Katika ukavu huo ukiburuza soksi kwenye zulia, mwili wako unajikusanyia umeme, na hauna pa kwenda mpaka ukiguse chuma. Kwetu Pwani hewa ina unyevu, umeme huo hutoroka kimyakimya bila wewe kujua.

Hapa nitasema ninavyoona mimi. Wapo jamaa zetu wanaokaa nchi za baridi miaka na miaka, na kila likizo ya baridi wanaimalizia kwenye kochi, pazia limefungwa, wanangoja Aprili. Siwalaumu, wengine wamechoka na kazi. Lakini mtoto anayevuka bahari mbili kisha akaangalia televisheni ya Nairobi wiki mbili amepoteza nauli ya wazazi wake.

Bahati nzuri theluji ilianguka.

Ilianguka usiku wa tarehe 23, na kilichomwamsha binti kilikuwa ukimya. Theluji mbichi imejaa vishimo vya hewa, na vishimo hivyo humeza sauti, kwa hiyo hata barabara kubwa ya jirani ilikuwa kama imezimwa. Alichungulia dirishani akaona magari yamegeuka vichuguu vyeupe. Binamu mkubwa akamvalisha, akamtoa mlangoni, akamwambia anyooshe mkono wa koti lake jeusi na abane pumzi.

Kwa nini abane pumzi? Kwa sababu pumzi yake ingeyeyusha alichotaka kumwonyesha. Juu ya kitambaa cheusi ilitua chembe moja, ndogo kuliko punje ya mchele, na ukiinamia vizuri unaiona ina mikono sita, na kila mkono una vijitawi pande mbili, kama vile fundi amekaa akavichonga. Ikatua nyingine, nayo ina mikono sita, lakini vijitawi vyake ni tofauti. Nyingine haikuwa na mikono kabisa, ilikuwa kibamba chenye pembe sita.

Usichanganye theluji na mvua ya mawe inayovunja mabati Limuru. Mvua ya mawe ni matone yaliyoganda kuwa mabonge. Theluji hukua kwa mvuke: mawinguni, tone dogo sana linaganda kwenye punje ya vumbi, kisha mvuke unajishika juu yake na kuganda moja kwa moja, bila kupitia hatua ya maji. Chembechembe za maji zinapoganda hushikana kwa mpangilio wa pembe sita, na ndiyo maana hutaona theluji ya mikono mitano wala minane. Jinsi vijitawi vinavyokua inategemea ubaridi na unyevu wa mahali chembe ilipopita ikishuka.

Mtu aliyewaonyesha wengi jambo hili hakuwa profesa. Alikuwa mkulima, Wilson Bentley, wa kijiji cha Jericho katika jimbo la Vermont. Alifunga kamera kwenye hadubini, akawa anafanya kazi ndani ya banda lisilo na moto ili chembe zisiyeyuke, na mnamo Januari 1885, akiwa na miaka 19, akapata picha yake ya kwanza. Mpaka anafariki mwaka 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000. Majirani wengi walimwona kichekesho, mwanamume mzima anayekimbiza theluji na kibao cheusi mkononi.

Sasa turudi kwenye mavazi, maana nimesema binamu alimvalisha, na kumvalisha mtoto kwa ajili ya baridi ile ni kazi ya robo saa. Kwanza nguo nyembamba ya kubana mwili. Juu yake sweta ya sufu. Kisha suruali nene isiyopitisha maji, koti, mabuti, skafu, na kofia ya kufunika masikio. Sufu na makoti hayatoi joto; joto ni lako mwenyewe, na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo ndiyo inayolizuia lisikukimbie. Ndiyo sababu nguo tatu nyepesi hushinda moja nzito. Fulana ya pamba iache nyumbani: ikilowa jasho haikauki upesi, nawe utatetemeka. Mikononi, binti alikuwa amechagua glavu nzuri za vidole vitano. Binamu akazivua, akampa zile ambazo vidole vinne vyote vinalala chumba kimoja na dole gumba peke yake. Hazina urembo, lakini vidole vikikaa pamoja vinapeana joto. Amemaliza kufungwa kila kitu, ndipo akasema anataka kwenda chooni.

Walikwenda kwenye kilima cha bustani ya mtaa na vibao vya plastiki vya kutelezea. Unakaa, unasukumwa, unashuka huku macho yanatoka machozi, unapinduka, unainuka, unapanda tena. Hakuna ufundi zaidi ya huo, na watoto hukaa pale mpaka mashavu yanakuwa magumu. Binti alijaribu kufinyanga tonge la theluji amtupie binamu, likamvunjikia mkononi kama unga mkavu. Theluji ya baridi kali haishikani. Hushikana siku ile joto likikaribia sifuri, inapoanza kulowa kidogo. Ya baridi kali ina kazi nyingine: ukiikanyaga inalia, kwii, kwii, kila hatua.

Pale chini ya kilima kuna nguzo ya chuma. Binamu mdogo, mwenye miaka saba, akamwambia binti kwa sauti ya mtu mzima: “Usiilambe.” Ukiona mtoto anatoa onyo kama hilo bila kuulizwa, ujue kuna siku aliilamba. Chuma hunyonya joto haraka kuliko damu inavyoweza kulileta ulimini, mate yanaganda mara moja, na ulimi unabaki pale. Ukivuta unachanika. Dawa yake ni kumwita mtu alete maji ya uvuguvugu ayamwage taratibu. Nakuomba, wewe unayenisoma, usiende kuhakikisha.

Karibu na kilima, bustani imemwagiwa maji yakaganda kuwa uwanja wa kuteleza kwa viatu vya wembe, na kando yake kuna kijumba chenye moto cha kuvalia viatu na kupasha miguu. Viwanja vya namna hiyo vipo katika bustani nyingi za Minneapolis. Hapo binti alianguka vibaya zaidi. Alianguka kwa magoti, kwa makalio, mara moja kwa kushikilia koti la mtu asiyemjua akaanguka naye. Akataka kulia. Mjomba, ambaye alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai, akamsimulia habari za Philip Boit.

Boit alikuwa mkimbiaji wa Kenya, kijana wa upande wa Eldoret, aliyekuwa hajawahi kuona theluji mpaka alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwa mbao ndefu za miguuni. Miaka miwili baadaye, 1998, akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki za majira ya baridi, Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alifika wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, hakuondoka. Alibaki pale kwenye mstari wa mwisho, akamngoja Mkenya afike, akamkumbatia. Boit aliporudi nyumbani na kupata mtoto wa kiume, akampa jina Dæhlie.

“Alianguka mara ngapi?” binti aliuliza.

“Yeye ndiye anayejua. Wewe inuka, hii barafu haina godoro.”

Tarehe 25 nyumba ilikuwa nusu tupu. Mkaza mjomba ni muuguzi na alikuwa zamu hospitalini. Mjomba anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, naye aliondoka alfajiri. Wagonjwa na wazee hawana likizo. Watu wetu wengi kule wako katika kazi hizi za kutunza wengine, na kwa hiyo familia nyingi zimejifunza kutoifuata kalenda: wanapigiana simu, wanalinganisha zamu, wanatafuta siku ambayo wengi wako huru, na siku hiyo ndiyo inakuwa Krismasi. Mwaka ule ilikuwa tarehe 27.

Katikati, tarehe 26, jirani Mmarekani Mweusi aliwaita watoto nyumbani kwake kuwasha mshumaa wa kwanza wa Kwanzaa. Sherehe hii ilianzishwa California mwaka 1966 na Maulana Karenga, inakwenda siku saba mpaka tarehe 1 Januari, na kila siku ina jina lake la Kiswahili. Mwenye nyumba alimpokea binti kwa furaha: “Habari gani?” Binti akajibu, kama wewe ungejibu, “Nzuri!” Chumba kizima kikacheka. Siku ile hujibu “nzuri”, unajibu jina la siku yenyewe, na siku ya kwanza ni Umoja. Baada ya hapo hakupumzika. Kila mtu alitaka amsikie akitamka jina la siku ya pili, Kujichagulia.

Haya, tarehe 27. Utajua nyumba ya Waswahili ina wageni kwa kutazama mlangoni: rundo la mabuti, yamelowa, yamepandana, na mtoto mmoja amepewa kazi ya kuyapanga na ameshakata tamaa. Alikuwepo Mkisii na mke wake, Mkamba mmoja, mama wa Kitanzania kutoka Tanga, familia ya Wakongo wa Bukavu ambao Kiswahili chao kilimfanya binti asikilize mara mbili, na Msomali aliyekulia Eastleigh aliyekuja na sinia la sambusa. Pilau ilikuwepo. Kachumbari ilikuwepo. Sukuma wiki haikuwa ile ya sokoni Kongowea, ilikuwa majani ya jamaa yake ambayo Wamarekani wa kusini huyapika sana. Yakikatwa membamba na kukaangwa na kitunguu, hakuna aliyelalamika.

Nyama ilichomwa nje. Ndiyo, nje, kwenye theluji. Mjomba alichimba nafasi kwa koleo, akasimamisha jiko la mkaa, akasimama pale na koti, kofia, na koleo la nyama mkononi, moshi ukimpiga usoni. Mkaa hauna habari na baridi, unawaka tu. Taabu ni baadaye: kipande kikitoka motoni, una muda mchache sana wa kukifikisha ndani kabla mafuta hayajaganda juu yake. Kwa hiyo watoto walipangwa mstari, wa kwanza kando ya jiko la mkaa, wa mwisho mlangoni, na sinia likapita mbio mkono kwa mkono.

Kisha kukasikika mlio nje, kama risasi. Halafu wa pili. Binamu mdogo alikuwa amefukia soda za makopo kwenye theluji ili zipoe haraka, akazisahau. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kama asilimia 9, kopo haliongezeki, na soda ikapasua mlango wake yenyewe. Walipozifuata wakakuta theluji imepakwa rangi ya chungwa. Mama wa Tanga alicheka mpaka akashika ukuta.

Hiyo asilimia 9 iliyopasua makopo ndiyo inayowahifadhi samaki. Maji ni kitu cha ajabu. Vitu vingi vikipoa vinakuwa vizito zaidi na kuzama. Maji nayo yanakuwa mazito mpaka yafike nyuzi 4 juu ya sifuri. Yakipoa zaidi ya hapo yanaanza kuwa mepesi tena, na yakiganda yanaelea. Kwa hiyo ziwa huganda kuanzia juu. Barafu inakuwa paa, na chini yake maji ya kati ya nyuzi 0 na 4 yanabaki maji, samaki wanaendelea na maisha yao polepole. Kama barafu ingekuwa inazama, maziwa ya kaskazini yangejaa barafu kutoka sakafuni mpaka juu, na samaki wangekwisha.

Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa eka 10 au zaidi, hayo ni mengi kuliko yale 10,000 wanayojivunia kwenye vibao vya magari yao. Siku mbili baada ya karamu, mzee mmoja anayefanya kazi na mjomba aliwachukua watoto kwenda kuvua kwenye mojawapo. Hakukimbilia kukanyaga. Alitoboa kishimo karibu na ufuko, akatumbukiza kipimo: sentimita 18. Akatembea kidogo, akapima tena. Idara ya maliasili ya jimbo inashauri barafu safi isiyopungua sentimita 10 kwa mtu anayetembea, na kama 25 kwa gari dogo, na hapo hapo inaonya kwamba hakuna barafu ya kuaminiwa kabisa. Gari waliliacha nchi kavu.

Katikati ya ziwa palisimamishwa kibanda cha turubai chenye hita ndogo ya gesi na tundu la kupitisha hewa. Mzee alitoboa kwa keekee kubwa ya injini, maji meusi yakapanda ghafla mpaka ukingoni, akaondoa vipande vya barafu kwa kijiko chenye matundu. Binti akapewa kifimbo kifupi chenye mshipi, ndoana na chambo. Ndipo ziwa likaguna. Sauti ndefu, nzito, ilianzia mbali ikapita chini ya miguu yao ikaishia upande wa pili. Binti alisimama tayari kukimbia. Mzee hakuinua hata kichwa. Barafu hutanuka na kusinyaa kadiri joto linavyobadilika, na ikisinyaa inalia.

Walikaa saa nzima bila kitu. Binamu mkubwa akachoka akatoa simu. Binti hakuchoka, kwa sababu babu yake ni mvuvi, na tangu mdogo amekaa naye kwenye mawe ya ufukwe akiwa amezungusha mshipi kidoleni. Anajua samaki anayeonja na samaki anayemeza. Mshipi ulipoguswa mara ya kwanza akatulia. Mara ya pili akatulia. Mara ya tatu akavuta kwa kiwiko, akamtoa samaki mmoja aitwaye perch, wa manjano, mwenye mistari myeusi mbavuni na mapezi ya chungwa, si mkubwa kuliko kiganja cha mtu mzima. Akamlaza kwenye theluji. Walipomaliza chai ya kwenye chupa samaki alikuwa amekakamaa kama kipande cha ubao.

Watu wa kule wana kiburi na baridi yao, na nadhani wana haki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1885 ripota wa New York aliandika kuwa mji wa Saint Paul, pacha wa Minneapolis, ni Siberia nyingine, haufai kukaliwa na binadamu. Wenyeji hawakumwandikia barua. Walianzisha tamasha la baridi, wakajenga kasri zima la barafu mwaka 1886, na tamasha hilo bado lipo. Lakini wanajua pia mahali pa kukoma. Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower, kipimo kilishuka mpaka nyuzi 51 chini ya sifuri, na gavana akafunga shule zote za jimbo siku hiyo. Na katikati ya Minneapolis, tangu mwaka 1962, wamekuwa wakiunganisha maghorofa kwa madaraja yaliyofunikwa vioo, sasa yanafika kilomita 15 hivi, mtu anatoka ofisini akaenda kula na kurudi bila kuvaa koti.

Ukawadia mkesha wa Mwaka Mpya. Saa tisa alasiri, jua bado liko nje, familia nzima ilisimama mbele ya simu wakahesabu kurudi nyuma pamoja na Mombasa, kumi, tisa, nane, wakapiga kelele, wakasikia fataki na honi za Kisauni. Saa tisa baadaye wakahesabu tena, safari hii kwa ajili ya Minnesota. Binamu mdogo hakuifikia ya pili, alikuwa amelala na kofia kichwani.

Basi kama nawe una mjomba, shangazi au binamu upande ule, mpigie likizo hii. Kumbuka tu kwamba majira ya baridi sisi tuko mbele yao kwa saa tisa. Ukipiga saa mbili asubuhi, kwao ni saa tano usiku, na aliyetoka zamu amelala. Piga saa kumi na mbili jioni. Kwao itakuwa saa tatu asubuhi, na huenda theluji inaanguka.